Amri Haifiki: Michezo Mitano ya Black Powder, Vipigo Vinne

Jumamosi iliyopita nilipigwa tena kwenye Black Powder, kanuni za kuchezea vita vya sanamu mezani. Nilikuwa Marshal Ney, jemadari wa Napoleon, mbele yangu njia panda ya Quatre Bras huko Ubelgiji, tarehe 16 Juni 1815, na mkononi nilikuwa na wapanda farasi wa deraya niliowapaka rangi mwenyewe kwa wiki sita. Kufika saa nne usiku njia panda ilikuwa bado ya Waingereza, nami nawarudisha askari sandukuni kimya kimya, kama mtu anayekunja mikeka ya matanga.

Nafika nyumbani, nakuta ujumbe wa kijana wa Mwanza: "Kaka, naona picha za hizo vita zako za mezani. Black Powder ni kanuni nzuri? Nianzie wapi?"

Mdogo wangu, umeniuliza usiku mbaya. Lakini jibu ninalo: ni nzuri, nitaendelea kuzicheza, na zitakuaibisha. Na nyie wengine wenye masanduku ya Wafaransa wasiopakwa rangi chini ya kitanda (mko wengi, msijifiche), someni pia.

Mimi nimekulia Tanga. Bao nimefundishwa na babu barazani, na kwenye bao kete haikatai. Ukiishika, inakwenda. Nilipohamia huku Leeds, Uingereza, na kukaribishwa kwenye kikundi cha wazee wanaocheza vita vya Napoleon kwa sanamu za milimita 28, niliingia na kichwa hicho hicho: nitapanga mitaji yangu mapema, nitawala.

Sasa Black Powder, nami natumia toleo la pili la 2018, inafanya kazi hivi. Unatamka amri kwa sauti kabla ya kurusha chochote: "Brigedi hii ipande kilima, ijipange mstari nyuma ya ukuta." Ndipo unarusha dadu mbili. Kamanda wa kawaida ana alama 8. Ukipata 8 au 7, vikosi vinasogea mara moja. 6, mara mbili. 5 kushuka chini, mara tatu. Ukizidi 8 hakuna anayesogea, na kamanda huyo kafungwa mdomo mpaka zamu ijayo. Akiwa mbali na kikosi, alama yake inapungua.

Nilikaa nikapiga hesabu. Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa namna 36, na 26 kati ya hizo zinakupa 8 au pungufu. Kwa hiyo kila amri nne, tegemea moja igome. Ukitaka tatu mfululizo zifaulu, uwezekano haufiki hata asilimia 40. Mipango yangu yote ya mchezo wa kwanza ilihitaji amri sita zifaulu mfululizo. Haya, cheka.

Mchezo wa pili siusemi. Wa tatu ndio uliouma. Nilirusha sita mbili, ambazo kwenye kanuni hizi ni balaa: amri imefika, lakini imeeleweka kinyume. Dadu nyingine ikaamua waende wapi, na brigedi yangu bora ikaondoka kushoto, ikaacha uwazi katikati ya jeshi kama jino lililong'oka. Nikalalamika kwa sauti kuwa huu ni upuuzi. Mzee mmoja aliyekuwa anatazama akaniambia, bila hata kuinua macho kutoka kwenye chai yake, kwamba hii si sataranji. Watu wakacheka. Nimesema nimesamehe, lakini mnaona bado naikumbuka chai yenyewe, ilikuwa na maziwa mengi.

Nilirudi nyumbani kusoma ili nimshinde kwa hoja, nikakutana na d'Erlon. Siku ile ile ya Quatre Bras, Jenerali d'Erlon, Mfaransa chini ya Ney, alikuwa na watu kama 20,000. Wakaitwa upande wa Ligny, alikokuwa Napoleon akipigana vita vingine. Walipokaribia, Ney akawaita warudi. Wakarudi, wakafika jioni vita vimekwisha. Jeshi zima limetembea mchana kutwa kati ya mapigano mawili bila kupigana la maana popote. Hizo ni sita mbili, tena za kweli. Mzee alikuwa sahihi. Sijamwambia.

Mchezo wa nne nilishinda. Nilifanya jambo moja tu: amri ambayo nikiikosa nimekwisha, ndiyo niliitoa kwanza, na niliitoa fupi. Basi. Huo ndio ushauri wangu namba moja, na namba mbili ni huo huo.

Sasa kwa nini Jumamosi nikausahau? Tamaa. Waingereza walikuwa kwenye mstari, wamelegea, na wapanda farasi wangu wanang'aa. Nikawaamuru wao kwanza. Dadu zikaanguka 3 na 1: mwendo mara tatu. Farasi wanakwenda inchi 18 kila mwendo, na meza yetu ina upana wa inchi 48, kwa hiyo walivuka karibu uwanja wote, wakavunja batalioni moja na kusimama juu ya njia panda kabisa! Nikapiga meza kwa furaha. Kisha nikaamuru askari wa miguu wawafuate. Nikapata 9. Brigedi ya pili: 10. Zamu iliyofuata mizinga na magobori ya pande tatu yaliwamaliza wale farasi mmoja baada ya mwingine. Kellermann, jenerali wa wapanda farasi wa Ney, alifanyiwa hivyo hivyo mahali pale pale mwaka 1815: alifika njia panda na brigedi moja, hakuna aliyemfuata, akarudi mbio.

Kijana, toa kwanza amri ya wale wasiopendeza. Askari wa miguu kwanza, farasi baadaye. Nyie vijana mnapenda kinachong'aa, nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka juzi.

Kasoro zipo. Risasi zinaua taratibu: batalioni inarusha dadu 3, kila 4 kwenda juu inapiga, kisha mpinzani anajiokoa kwa dadu zake na nusu ya mapigo inafutika. Mkisimama mnarushiana magobori mtakesha. Lazima uende na singe. Na mwendo mara tatu ni mwingi mno kwa meza ndogo. Sisi sasa tunapunguza vipimo vyote kwa theluthi, na mchezo umetulia.

Kuhusu pa kuanzia: usinunue sanamu kwanza. Chukua vizibo vya soda, vile vile vya drafti, gundisha sita sita kwenye vipande vya boksi, bluu Wafaransa, nyekundu Waingereza. Batalioni sita kila upande na kamanda wawili zinatosha jioni nzima. Mimi nilianza na kisanduku cha gharama, na mke wangu bado ananikumbusha bei kila tukipita duka la viatu.

Mzee wa chai ameniandikia asubuhi hii. Anasema Jumamosi ijayo turudie Quatre Bras, na safari hii yeye ndiye atakuwa Ney, anionyeshe. Haya, aje. Nimeshawatoa Waingereza sandukuni. Mmoja kavunjika singe na gundi haijakauka.