Vijana, legezeni hizo yu-bolti

Wiki iliyopita nimewakuta vijana wawili, wametoka chuo juzi tu, wanakaza yu-bolti, zile bolti za umbo la U zinazoshika bomba kwenye sapoti, katika laini ya mvuke ya kiwanda cha korosho hapa Mtwara. Sapoti moja baada ya nyingine, jasho linawatiririka, na kazi yenyewe imenyooka kweli. Nikawaambia wapande tena, walegeze zote. Wakanitazama kama nimewatukana. Wadogo zangu, nawapenda kwa bidii ile, lakini nimesema mpaka koo limekauka: bomba la mvuke hurefuka likipata moto, liachieni nafasi.

1. Piga hesabu kabla ya kukata bomba. Chuma cha kawaida hurefuka kama milimita 1.2 kwa kila mita, joto likipanda nyuzi 100. Mvuke wa baa 7 una nyuzi kama 170. Asubuhi bomba limelala kwenye 30. Laini ya mita 60 inarefuka milimita 100. Weka kiganja chako ukutani, uone: ni upana huo wote, na lazima uende mahali.

2. Usiiondoe lupu, ile sehemu ya bomba iliyokunjwa umbo la U ili imeze urefu unaoongezeka. Hapa ndipo nilipomuumiza mtu.

Ilikuwa laini ya mita 60 hivyohivyo, kutoka boila hadi kwenye mitungi ya kupikia korosho. Mchoro ulionyesha lupu katikati. Nikaona inaziba njia ya magunia, inakula elbo nne, na msimu umeshafika mlangoni. Nikanyoosha, nikabana kila sapoti. Tukapima kwa maji, presha ikakaa bila tone kudondoka, nikalala usingizi mzuri. Maji yale yalikuwa ya baridi. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu joto.

Alfajiri tukafungua mvuke. Kwanza kimya, halafu sapoti ya tatu ikaanza kulia, kwii, kwii, rangi inabanduka chini ya yu-bolti. Bomba likapinda ubavuni. Flanji ya valvu kuu, yaani kile kiungo cha sahani mbili zilizobanwa kwa bolti, ikaachia upenyo mwembamba kama ukucha. Nikamwambia msaidizi wangu, "Hebu sikilizia pale." Mvuke wa namna ile hauonekani pale unapotokea, unauona mbele ukishageuka ukungu. Akapeleka mkono. Uliungua kuanzia kifundo hadi kiwiko.

Kwenye bajaji hakusema neno njia nzima. Jioni nikaenda kwa mama yake. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulikuwa hujui?" Nilikuwa najua. Hesabu nilifundishwa, na mchoro nilikuwa nao mkononi. Chuma kilichozuiwa kabisa kwa tofauti ile ya joto kinapata mkazo wa megapaskali zaidi ya 300, na mabomba mengi ya kawaida huanza kukubali, yaani kupinda bila kurudi, kwenye 240 hivi. Mkono ulipona, kovu lipo. Mpaka leo tukisalimiana, macho yangu yanaenda pale kwanza.

3. Anka, yaani sapoti inayoshika bomba lisisogee kabisa, iwe moja huku, moja kule, lupu katikati. Sapoti nyingine zote ziache bomba liteleze: nati mbili zifungane zenyewe kwa zenyewe, bomba lipumue.

4. Belosi, kile kiungo chenye mikunjo kinachonyumbuka, siyo ya kuvutia mabomba yaliyopishana, na bila anka imara presha itaivuta mpaka ipasuke.

5. Toa maji yaliyotuama ndani ya laini kwanza, kisha fungua mvuke polepole.

6. Bomba jeusi la plastiki hurefuka zaidi ya mara kumi ya chuma. Nimeona Lindi laini imelazwa saa saba mchana, bomba linaunguza viganja, wakaunganisha na kufukia papo hapo. Usiku likapoa, likajivuta, likachomoka kwenye kaplingi, na asubuhi mtaro mzima ni matope. Lilaze kwa kulipindapinda kidogo, umalizie kuunga likishapoa.

7. Beba chaki. Kabla ya kuwasha, chora mstari unaovuka kiatu cha bomba, kile kipande cha chuma kilichoungwa chini yake, na sapoti kinapokalia. Mvuke ukishatulia, rudi na futi upime mistari imeachana kiasi gani. Kama haijaachana pale hesabu inaposema iachane, usipeleke mkono popote: funga mvuke, subiri laini ipoe, kisha utafute kilicholishika.