Maswali na Majibu: Freeman-Grenville na sarafu za sultani wa Kilwa

Maswali mengi ya safari hii yanamhusu G. S. P. Freeman-Grenville, mwanahistoria Mwingereza aliyefanya kazi Tanganyika na kuzichunguza sarafu za kale za pwani yetu.

Nataka kusoma kazi zake. Nianze na ipi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Anza na The East African Coast, ya 1962. Humo amekusanya maandishi ya wasafiri, mabaharia na wanahistoria waliotaja pwani hii tangu enzi za Warumi, nawe utamsoma Ibn Battuta akieleza alivyofika Kilwa mwaka 1331. Kisha chukua The Medieval History of the Coast of Tanganyika, ya mwaka huohuo.

Kwa sarafu zenyewe, tafuta makala yake ya 1960 katika Journal of African History. Hiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu hakuridhika kusoma maandishi ya sarafu tu. Aliuliza kila moja iliokotwa wapi, pamoja na nini, na hilo linatuambia nini juu ya biashara. Ile ya 1957 katika Numismatic Chronicle, jarida la wataalamu wa sarafu, ni ngumu zaidi. Iache mpaka uzoee.

Je, ndiye aliyeanza utafiti huu?

Hapana. John Walker wa British Museum alimtangulia kwa makala ya 1936 na nyingine ya 1939. Walker hasa ndiye aliyetandika msingi: alisoma majina yaliyogongwa kwenye shaba, akayalinganisha na orodha ya masultani iliyomo katika habari za kale za Kilwa.

Sarafu hizo hazina mwaka. Wataalamu wanajuaje umri wake? (Mwalimu, Lindi)

Hapa ndipo penye kazi. Upande mmoja wa sarafu unakuta jina, mathalani Ali bin al-Hasan. Upande wa pili kuna maneno ya Kiarabu yenye vina na jina hilo: yathiqu bi-mawla al-minan, yaani anamtumaini Bwana wa neema. Mwaka haupo, wala jina la mji. Isitoshe, masultani walirithishana majina, kwa hiyo ukisoma al-Hasan bin Sulaiman bado hujui ni yupi kati ya waliokuwa na jina hilo.

Walker na Freeman-Grenville walitegemea sana habari za Kilwa, nazo zimetufikia katika nakala mbili zisizokubaliana kila mahali: moja ya Kiarabu, nyingine ndani ya kitabu cha Mreno João de Barros cha 1552. Baadaye mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa, akapima umri kwa tabaka za udongo, na akaisogeza mbele nasaba ya Ali bin al-Hasan hadi karibu na mwaka 1200. Wengi wakakubali.

Halafu mwaka 1984 ikafukuliwa hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwamo za Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Dinari hizo zimeandikwa miaka, na ya mwisho inaangukia 1066. Kwa kuwa sarafu za Ali zilikuwa pamoja nazo, akarudishwa nyuma, karne ya 11. Vitabu vya 1962 visomwe basi kwa kukumbuka kwamba miaka ya baadhi ya masultani imebadilika tangu hapo. Hoja ya Freeman-Grenville kwamba sarafu ni ushahidi wa historia haijatikisika hata kidogo, na Mtambwe imeitia nguvu.

Ni kweli sarafu za Kilwa zimeokotwa Australia?

Ni kweli. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota tano katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, pamoja na nne za Kiholanzi. Zilifikaje? Uwepo wa zile za Kiholanzi, ambazo ni za baadaye sana, unanifanya nisikubali haraka hadithi za jahazi la Kilwa kufika huko. Mimi hunivutia zaidi ile moja iliyopatikana Great Zimbabwe, yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, maana inakaa sawasawa kwenye njia ya dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala na kuitajirisha Kilwa.

Nimeokota kisarafu cha shaba ufukweni Mafia. Nikisugue kwa ndimu? Kina bei gani? (Mvuvi)

Usikisugue, tafadhali sana. Ndimu na mchanga vitakula maandishi, na maandishi ndiyo yote uliyonayo. Kiweke kikavu ndani ya karatasi, upige picha pande zote mbili, uandike siku na mahali hasa ulipokiokota. Bei sitaitaja: sheria ya mambo ya kale ya 1964 inamtaka mwenye kuokota kitu cha namna hiyo atoe taarifa serikalini. Mweleze afisa utamaduni wa wilaya, na umwonyeshe mahali penyewe, kwani huenda vingine bado vimo mchangani.