Mimea inayotambaa: kwa mliohamia Dodoma

Kila mvua za Desemba zikianza, jirani mgeni huniuliza apande nini kifunike ukuta haraka. Haraka siyo shida hapa. Joto lipo, na mvua ikinyesha pasheni utaiona inavyokimbia. Shida ni chanja, yaani nguzo na waya za kuushikilia mmea.

Mimi mara ya kwanza nilipanda kwanza, nguzo nikatafuta baadaye. Nikachimbia fito, nikafunga kamba za katani. Kufika Machi majani yalikuwa mazito kama godoro lililolowa. Upepo wa kiangazi ulipoanza, chanja chote kikalala juu ya banda la kuku. Kung'oa fito, sehemu ya chini ni udongo mtupu: mchwa walishaila kitambo. Siku hizi naweka bomba za chuma zilizomwagiwa zege na waya mzito wa fensi. Ni ghali, najua.

Kabla hujanunua waya, chunguza mmea wako unapandaje. Pasheni ina vikono vyembamba. Kikono kikigusa waya leo, kesho kimeshajizungusha kama springi ya kalamu. Kwenye nguzo nene kinateleza tu. Bogenvilia haina vikono, ina miiba. Usipoifunga itamwagika njiani na kuchana nguo za kila apitaye getini. Funga kwa vipande vya fulana kuukuu, maana waya hukata gamba.

Kwa joto letu chukua pasheni ya njano. Wanaopanda mche mmoja hulalamika: maua tele, tunda hakuna. Ua lake halikubali chavua ya mche uleule, kwa hiyo panda miwili au mitatu iliyoota kwenye mbegu tofauti, na usiwafukuze wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Ukiona hawaji, chukua brashi ndogo mchana maua yakishafunguka, utoe chavua mche huu uipeleke ule. Wanangu wanaipenda kazi hii kuliko kuosha vyombo.

Kupogoa ndiko wageni wanakoogopa. Mzabibu huzaa kwenye machipukizi mapya, ndiyo maana wakulima wa hapa, wanaovuna mara mbili kwa mwaka, huukata bila huruma. Nilipoupogoa wangu mke wangu alidhani nimeuua. Hakuniamini mpaka macho ya machipukizi mapya yalipochomoza.

Maji nayo. Bogenvilia iliyokwisha kushika mizizi ukiimwagilia kila jioni itakupa majani matupu. Iache ione kiu ndipo itoe rangi. Pasheni ni kinyume: kiangazi chote inakutegemea wewe. Tandaza maganda ya karanga shinani kutunza unyevu, ila yaache mbali kidogo na shina lenyewe, mchwa wasipate daraja.

Dodoki halina maelezo: fukia mbegu kando ya fensi mvua zikianza, uende zako. Ila siyo chini ya mwembe. Wangu ulivikwa madodoki mpaka kileleni, na mengine hadi leo yananing'inia makavu huko juu ambako ngazi haifiki.