Mikasi tisa, unaokata mmoja

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Vifaa vya kazi yako ya mikono vimekuzidi? Ulivipunguza na kuvipanga vipi?" Ningeweza kujibu kwa mstari mmoja, kwamba nilimuomba mama mkwe zidaka zake, lakini msomaji asiyeijua nyumba ya Lamu ataachwa nyuma.

Mimi hutengeneza albamu za kubandika. Si zile za mifuko ya plastiki unazotumbukiza picha ukamaliza. Hizi kila ukurasa unaupamba: picha, kadi ya mwaliko, pindo la leso, asumini iliyokaushwa kitabuni, na maneno mawili matatu kwa mkono. Nilianza na albamu ya kifungua mimba wangu. Jirani akaiona, akataka ya harusi ya bintiye, na tangu hapo sijapumua.

Kilichonifanya nipange chumba si vumbi wala kukosa pa kukaa. Siku moja dada wa bibi harusi alikuja kuchukua albamu. Nikainua bunda la karatasi za manila nimtafutie bahasha, ikadondoka picha ya bibi harusi mwingine kabisa, kakaa kitako na piko mikononi, nywele wazi, picha ambayo haikupigwa ili ionwe na mtu wa nje. Yule dada aliiokota, akaigeuza uso chini, akaniwekea juu ya meza bila neno. Afadhali angenisema. Hapa kwetu picha ya bibi harusi ni amana, na mimi nilikuwa nimeilaza chini ya manila pamoja na stika za vipepeo.

Kesho yake nilitandika jamvi uani nikamwaga kila kitu. Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa cha watu: picha, kadi, vipande vya nguo. Kila mteja nikampa bahasha yake, na nyuma ya kila picha nikaandika nambari kwa penseli laini, taratibu, maana kalamu ya wino huchafua picha inayolaliana nayo. Nambari tu, jina hapana. Bahasha zote zikaingia kwenye kasha lenye kufuli, na ufunguo nautembeza shingoni.

Vilivyobaki vilikuwa vyangu, na vilinitia haya. Mikasi tisa! Mitatu imeshikana kwa kutu hata haifunguki, minne inatafuna karatasi badala ya kukata, mmoja ni wa meno ya mawimbi ambao sijautumia tangu mtoto awe chekechea. Unaokata ni mmoja. Riboni nyekundu roli kumi na moja, nyeupe hata moja. Chupa za gundi zilizoganda vifuniko, sikuzihesabu.

Nilijiuliza nimefikaje hapa, na jibu ni bahari. Vitu vyangu hutoka Mombasa kwa basi mpaka Mokowe, halafu boti. Kila msafiri niliyempata nilimwagiza mara mbili ya ninachohitaji, nikiogopa kuishiwa katikati ya msimu wa harusi. Na bahari hiyohiyo ndiyo inayokula chuma. Mkasi ukiuacha wazi wakati wa masika, wiki mbili zakutosha kuona madoa. Kwa hiyo akiba yangu ilikuwa inaoza huku mimi naongeza nyingine.

Kuna kisa nakipenda. Mwandishi wa Marekani, Mark Twain, mwaka 1873 alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kitabu cha kubandikia chenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi. Wewe unalowesha tu na kubandika. Kitabu kizuri, lakini nadhani angekileta Lamu mwezi wa Mei kingejibandika chenyewe kuanzia jalada hadi jalada.

Sasa zidaka. Chumba chetu cha ndani ni cha zamani: kirefu, chembamba, maana upana wake umepimwa na urefu wa boriti za mkandaa zilizobeba dari. Rafu ya kupigilia misumari haiwezekani. Nilijaribu msumari mmoja, chokaa ikamwagika kama unga wa ngano, na mama mkwe akaja kusimama mlangoni kutazama. Lakini ukuta wa nyuma una safu za zidaka, vile vijidirisha visivyotokea upande wa pili, ambavyo wazee walipangia bakuli na sahani za kutoka China. Vya kwetu vilikuwa na chupa ya chai, tasbihi, na birika lisilo na kifuniko.

"Zidaka ni za zombo, mwanangu, si za makaratasi," akaniambia.

"Na mikasi si zombo, mama?"

Akacheka. Akanipa safu mbili za kushoto.

Uzuri wa kidaka ni kwamba hakipanuki na hakina mlango. Kisichoingia hakina pake, na kilichoingia unakiona. Sikupanga kwa rangi wala ukubwa, nilipanga kwa hatua za mkono. Usawa wa kiuno, kidaka cha kukata: mkasi, rula ya chuma, ubao. Kinachofuata ni cha kubandika, halafu cha kuandika, halafu vitoboleo vya maua na nyota. Wembe uko juu kabisa, watoto wasikofika. Kalamu zenye ncha mbili nazilaza, maana ukizisimamisha wino hushuka upande mmoja na ncha ya juu hukauka. Pedi za wino nazigeuza kifudifudi ili wino ukae usoni. Vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu sivitupi tena, natia kwenye kopo la vyuma. Mkasi naupangusa kwa tone la mafuta ya cherehani, kisha naufuta sana, la sivyo ukurasa wa kwanza utalipa.

Karatasi kubwa za inchi 12 kwa 12 hazikuingia. Ziko chini ya kitanda, zimelala, zimekandamizwa kwa ubao, kwa sababu ukizisimamisha kwenye unyevu huu hujikunja kama ganda la mgomba. Selotepu ya kawaida nimeitupa yote. Baada ya miaka michache huwa ya njano na kuacha doa kwenye picha.

Manila zilizobaki na ule mkasi wa mawimbi wamepata watoto wa chuo cha Kurani. Riboni nyekundu zilimalizikia kwa punda wa jirani siku za Maulidi, na sijawahi kuona punda aliyejisikia vile.

Kidaka kimoja kimenishinda mpaka leo, cha vifungo, shanga na vipande ambavyo sijui ni vya nini lakini mkono unakataa kuvitupa. Nimekiwekea pazia.

Mbali na ile tisa ya karatasi, nina mkasi wa kitambaa. Huo niliufunga uzi mwekundu mpini, nikatangaza nyumba nzima kuwa haukati karatasi wala kitu kingine, maana ukishakata karatasi huwa butu kwa kitambaa. Jana nimeukuta ukumbini, juu ya mkeka wa mama mkwe unaoshonwa, umetoka kukata ukili. Nimeurudisha mahali pake kimya kimya. Zidaka ni zake.

Msomaji wenu, Langoni, Lamu