Barua kwa mwanangu kuhusu fahali na mabinti zake

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama unaweza kumwacha fahali wako awapande mabinti zake, kwa kuwa ng'ombe wa aina yake wamebaki wachache na hujampata fahali mwingine. Jibu langu ni hapana, na ningependa uelewe sababu zake kabla mitamba hao hawajafikia umri wa kupandwa.

Ndama wa baba na binti yake ana uwezekano wa asilimia 25, kwa kila jeni, wa kurithi nakala ileile kutoka pande zote mbili. Kasoro iliyojificha kwa fahali, kwa kuwa ilifunikwa na nakala nzima, yaweza kujitokeza waziwazi kwa ndama huyo. Mara nyingi haitishi kwa sura: jike hukosa kushika mimba, ndama huchelewa kusimama, maziwa hupungua. Mimi mwenyewe niliwahi kumbakiza fahali kupita muda wake kwa sababu nilimpenda. Nikalaumu malisho, kisha minyoo, hadi nilipofungua daftari la uzazi nikaona jina lake mara mbili katika ukoo wa kila ndama aliyekufa.

Umenitajia ng'ombe weupe wa Chillingham, Uingereza, waliobaki 13 tu baada ya baridi kali ya mwaka 1947 na ambao wapo hadi leo. Ni kweli, lakini kundi hilo lilikuwa limezaliana lenyewe kwa karne kadhaa, na inaelekea kasoro nyingi zilikwisha kuondoka pamoja na wanyama waliozibeba. Makundi yaliyopita njia hiyo yakatoweka hayasimuliwi na mtu.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni mpango wako wa kununua majike wengine 10. Majike 20 wakipandwa na fahali mmoja hutunza utofauti wa damu kama kundi la ng'ombe wasiofika wanne, nusu madume na nusu majike. Ukiwafikisha 30, bado hawafiki wanne. Lakini ukiwatumia mafahali watatu kwa majike hao hao 20, idadi hiyo inapita 10. Kwa hiyo fedha hizo zielekeze kwenye mbegu za mafahali wengine, za kupandikiza. Mbegu huhifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na fahali aliyekufa miaka mingi iliyopita bado anaweza kukupatia ndama. Mtamba ukimwona asubuhi amesimama akikubali kupandwa na wenzake, mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu, aje jioni. Asiposhika mimba, joto lake, yaani hali ya kutaka kupandwa, litarudi baada ya siku 21 hivi.

Fahali wako usimchinje. Mtafute mfugaji mwingine wa aina hiyo mbadilishane mafahali, wote wawili wakiwa wamepimwa kwanza ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu. Hadi hapo, mitamba wakae zizi lao peke yao, nawe uniandikie tarehe ya kuzaliwa ya kila mmoja na jina la mama yake, ili tupange pamoja nani aanze.

Mama yako