Paneli Inatokota, Tangi Ni Vuguvugu

SWALI: Hita yetu ya sola hapa Kasarani, Nairobi, ina paneli bapa ya mabomba ya shaba na tangi la lita 200 juu yake. Tangu mgao wa maji ulipobana, ifikapo adhuhuri mabomba hunguruma na bomba la kupumulia juu ya paa hufoka mvuke, ilhali jioni maji ya kuoga ni vuguvugu. Fundi ameshauri bomba hilo lizibwe. Je, nikubali?

JIBU: Usikubali, tafadhali, hata kwa siku moja. Katika mtambo wa aina hiyo mvuke hutoka nje kupitia hapo, na ukizibiwa njia tangi laweza kupasuka.

Joto mnalipata, ila halibebwi. Mtambo wenu hauna pampu: maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda tangini, na ya baridi huteremka kushika nafasi yake. Msukumo huo ni mdogo mno, hivi kwamba hewa kidogo iliyonasa kwenye nundu ya bomba hutosha kuuzima. Mgao nao umechangia, kwa sababu maji ya tangini yakishuka chini ya mdomo wa bomba la moto, yaani lile lipandishalo maji kutoka paneli hadi tangini, mzunguko hukatika na hewa huingia. Yaliyobaki kwenye paneli huendelea kupashwa hadi yachemke, na Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Saa nne asubuhi, jua likiwa limewaka, sogeza kiganja karibu na bomba la moto bila kuligusa. Likiwa linaunguza penye paneli na limepoa penye tangi, maji yamesimama. Kisha weka pima maji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, juu ya bomba hilo, kwani sharti lipande mwendo wote. Nimewahi kuona bomba lililopandishwa juu ya kipande kimoja cha tofali, likashuka upande wa pili, na kosa hilo tu likaikosesha familia maji ya moto.

Ifunike paneli kwa turubai leo jioni. Kesho kabla ya mapambazuko fundi anyooshe mteremko, ajaze tangi hadi juu, kisha afungue koki ya chini ya paneli hadi maji yatoke bila mapovu. Paneli iliyokauka isitiwe maji baridi adhuhuri, maana viungo hupasuka. Mgao ukirudi, rudisheni turubai kabla tangi halijaisha.