Kabla Hujaruka Mwamba kwa Skii, Shuka Kwanza Uone Utakapoangukia

Mpwa wangu wa Buruburu amepata nafasi ya kusoma Innsbruck, Austria. Nilitarajia aniulize kodi ya nyumba ni pesa ngapi, au kama unga wa ugali unapatikana. Badala yake alinitumia video: mtu amevaa skii, zile mbao ndefu za kuteleza kwenye theluji, anateremka mbio, mwamba unaisha, naye anaendelea hewani kana kwamba hajaona. Chini yake akaandika, "Anti, si ni wewe ulikuwa unafanya hii?"

Ni mimi. Urefu wa video ile sijawahi kuukaribia, lakini niliruka, na goti langu la kushoto hunitangazia mvua kabla mawingu hayajafika Ngong. Kwa hivyo nimeona nimjibu hapa, maana najua si yeye peke yake anayetazama video hizo ndani ya matatu usiku.

Nilikaa Innsbruck miaka miwili nikisomea shahada ya uzamili. Ni mji wa ajabu: unatoka madukani, unapanda gari la kebo, na muda mfupi baadaye uko kwenye milima ya Nordkette, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ukitazama mapaa ya nyumba. Msimu wa kwanza wa baridi nilijifunza pamoja na watoto wa chekechea, nao walikuwa wakinipita wakiimba. Msimu wa pili mwanafunzi mwenzangu, mzaliwa wa huko, alinipeleka kituo cha skii cha Axamer Lizum, ambako baadhi ya mashindano ya Olimpiki ya 1964 na 1976 yalifanyika, akanionyesha mawe ya kujifunzia kuruka. La kwanza halikuzidi mita moja. Nilisimama juu yake robo saa.

Tuanze na hesabu, maana video haikuonyeshi. Ukianguka mita 5, unatumia sekunde moja hivi na unafika chini kwa kasi ya kilomita 36 kwa saa. Mita 10, kilomita 50, ndiyo kasi ya juu gari linayoruhusiwa kwenda mjini hapa Kenya. Mita 25, ambazo ni kama ule mwamba wa Fischer's Tower pale Hell's Gate, zinakufikisha 80: matatu iliyogota kwenye spidi gavana. Sasa hiyo kasi lazima iende mahali. Ukitua kwenye mteremko mkali wenye theluji laini na nene, unaendelea kuteremka na miguu inaimeza kidogo kidogo. Ukitua palipo tambarare, inaingia yote kwenye magoti na uti wa mgongo kwa mara moja.

Ndiyo maana mtu anaweza kuvunjika kwa mita 3, na mwingine akaruka 12 akaenda zake kunywa chai.

Vijana hupenda kunitajia rekodi. Januari 2006 Mmarekani Jamie Pierre aliruka mwamba wa takriban mita 78 huko Grand Targhee, Wyoming. Alitangulia kichwa, akazikwa na theluji, wenzake wakamchimbua, akatoka na mdomo uliochanika. Mwaka 2008 Fred Syversen wa Norway akaanguka mita 107, yaani kulishinda jengo la KICC la Nairobi kwa urefu. Yeye hata hakukusudia. Alikosea njia akiwa kwenye kasi, na akaishi. Wengi huwataja hawa wawili kuonyesha kwamba inawezekana. Mimi naona kwamba hakuna kati yao aliyetua kwa miguu. Kwa urefu ule ustadi wa skii umeshakwisha kazi, na anayeamua ni theluji. Pierre alifariki Novemba 2011 kwenye poromoko la theluji huko Utah, siku ambayo hakuwa akitafuta rekodi yoyote.

Hapo kwenye maporomoko nataka mpwa wangu asome polepole. Mteremko unaokupokea vizuri baada ya kuruka ni ule mkali, wa nyuzi 35 au 40 hivi, wenye theluji nyingi ambayo haijakanyagwa. Maporomoko mengi ya kuua nayo huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, yenye theluji nyingi ambayo haijakanyagwa. Ni mahali pamoja. Halafu wewe unaiangukia kwa kishindo. Huko Tirol, jimbo la Innsbruck, taarifa ya hatari ya maporomoko hutolewa kila jioni kwa ajili ya kesho yake, kwa kipimo cha 1 hadi 5. Usidhani 3 ni wastani kwa kuwa iko katikati. Siku za 5 watu hukaa nyumbani, lakini siku za 3 jua linawaka, mlima unapendeza, na wengi hufa.

Usitoke nje ya njia zilizotengenezwa bila kifaa cha kutoa ishara ukiwa umezikwa, fimbo ya kuchokolea theluji, na beleshi. Wenzako nao wawe navyo, tena wawe wamefanya mazoezi ya kuvitumia. Aliyezikwa ana dakika 10 au 15 za matumaini makubwa, basi. Helikopta haifiki kwa muda huo.

Haya, goti. Kulikuwa na mwamba wa kama mita 5 ambao niliuruka asubuhi, nikatua vizuri, nikapiga kelele kama mtu aliyefunga bao. Baada ya chakula cha mchana nikarudi. Mwamba ni uleule, urefu uleule, mimi ni yuleyule, kwa hivyo sikushuka tena kukagua. Lakini jua lilikuwa limeipiga ile theluji, kisha kivuli kikaigandisha juu ikawa na ganda. Skii ya kushoto ikapasua ganda na kukwama, mwili ukaendelea. Goti la kulia lilinipiga kidevuni nikajing'ata ulimi. La kushoto nilisikia likilia kama kijiti kikavu. Kano ya ndani ya goti ilikuwa imekatika.

Upasuaji ulilipwa na bima yangu ya mwanafunzi. Helikopta ilikataliwa, eti hiyo ni michezo ya milimani, na bili ikaja ya maelfu ya euro. Nyumbani likafunguliwa kundi la WhatsApp la mchango, mama mdogo akiwa mweka hazina. Niliambiwa baadaye jinsi mkutano wa kwanza ulivyokwenda. "Ameumia wapi?" "Kwenye jiwe." "Alikuwa anafanya nini juu ya jiwe?" Kimya. Mama yangu akamaliza: "Mawe yamejaa Kangundo, ameyafuata Ulaya." Kwa hivyo, mpwa wangu, ukifika tu jiunge na chama cha wapanda milima cha Austria, Alpenverein. Uanachama wake hubeba gharama za uokoaji, helikopta ikiwemo. Na nambari ya uokoaji wa mlimani huko ni 140.

Utauliza kama najuta. Goti, ndiyo. Kuruka, hapana, na nikikataa hilo nitakuwa nimekudanganya. Kuna ukimya fulani ukishaondoka mwambani, skii hazikwaruzi tena, upepo tu. Na kuna jambo nililolipata ambalo chuo hakikunipa: nilijifunza kutazama mahali kwa makini kabla ya kujitia hapo. Niliporudi Kenya nilienda kwenye maporomoko ya maji ya Fourteen Falls, Thika, nikamuuliza mmoja wa vijana wanaojirusha majini wageni wakitazama, kwa ada, kama haogopi. Alinitazama kama mtu mgeni wa maji. Akaniambia hiki kidimbwi amekiogelea tangu utotoni, anajua kila jiwe lililo chini, na mto ukijaa tope haruki hata ukimlipa mara mbili. Kwa lugha ya Innsbruck, huyo ni mtaalamu.

Kule Innsbruck, siku moja tu nilipanda, nikafika ukingoni, nikaona sitaki. Nikavua skii na kurudi kwa miguu, theluji ikinifika kiunoni, karibu saa nzima, wenzangu wakinisubiri chini na baridi. Walinicheka mpaka kwenye basi. Jumamosi iliyofuata walinipigia simu kama kawaida.

Skii zangu niliziuza kabla ya kurudi. Kifaa cha ishara, fimbo na beleshi bado ninavyo kabatini, kifaa nimekitoa betri zisije zikavuja. Njoo uvichukue Jumamosi, na upande mwenyewe hadi ghorofa ya nne. Mimi ngazi zile nazishuka mara moja kwa siku.